Franka ikipata nguvu, nani anafaidika na nani anaumia?



Mwishoni mwa mwaka 2025, katika mikutano yetu na familia zilizohama vita, swali moja lilirudi karibu kila mahali. Hatukulitarajia. Tulikuwa tumezoea kuulizwa habari za mashamba yaliyochukuliwa, za watoto wasio na shule na za njia ya kurudi kijijini. Safari hii watu walituuliza: "Radio inasema franka yetu imepata nguvu mbele ya dola. Kama ni hivyo, mbona sisi tunazidi kukosa?"

Tumeamua kulijibu swali hilo hapa kwa sababu lilikuwa limeanza kuleta ugomvi. Katika kartiye moja ya magharibi ya mji wa Goma, mama mmoja aliyetoka Masisi, anayeishi na watoto wake katika chumba cha familia iliyompokea, alipata msaada wa dola 100. Siku alipoandikishwa, dola moja ilibadilishwa kwa franka 2,800. Alipiga hesabu yake: franka 280,000. Kati ya hizo alitenga deni la dukani, unga, makala, na viatu vya mtoto. Wiki kadhaa zikapita. Siku aliyopokea pesa, mbadilisha pesa wa pale sokoni alimpa franka 235,000.

Mama alilia kwa sauti: "Mumekula makuta yangu!" Vijana wawili wa kwao wakaja. Mbadilisha pesa naye ni mwenyeji wa pale, na vijana wa kwake wakasimama upande wake. Kabla ya saa moja kupita, hakuna aliyekuwa akizungumzia tena dola. Watu walikuwa wakitupiana majina ya makabila. Mzee wa nyumba kumi ndiye aliyetuita.

Tulipokaa chini na pande zote mbili, tulikuta kwamba hakuna aliyeiba. Bei ya dola ilikuwa imebadilika kati ya siku ya kuandikishwa na siku ya kulipwa. Franka 45,000 zilipotea bila mkono wa mtu kuzigusa. Jambo hilo ni gumu kulikubali kama hujaelezwa, na hasira isiyo na mwenyewe hutafuta mtu wa kuiangukia. Kwa hiyo tuelezane.

Bei ya dola ni nini?

Dola inauzwa na kununuliwa kama vile maharagwe yanavyouzwa na kununuliwa. Yakiwa mengi sokoni, bei yake inashuka. Yakiwa machache na watu wanayataka, bei inapanda. Tunaposema dola moja ni franka 2,800, tunataja bei ya dola kwa franka. Bei hiyo ikishuka hadi 2,350, maana yake ni kwamba unahitaji franka chache zaidi ili kuipata dola ileile. Basi franka imepata nguvu.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, maana namba imepungua huku tukisema franka imepanda. Kumbuka tu kwamba namba hiyo ni bei ya dola. Ikipungua, dola ndiyo imeshuka.

Sisi Wakongomani hatukuzoea kuiona namba hiyo ikipungua. Wazee wanakumbuka mwaka 1993 na noti ya zaire milioni tano. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa kwa noti hizo wakaasi, na Kinshasa ikaporwa. Mwaka uleule pesa ilibadilishwa ikawa zaire mpya, lakini mwaka 1994 bei za vitu ziliongezeka karibu mara mia moja. Mwaka 1998 franka ya sasa ilipoanza, franka moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000, na dola moja haikufika hata franka mbili. Kati ya mwaka 2010 na 2015 dola ilitulia kwenye franka 900 na kitu. Mwaka 2017 ikafika karibu 1,600. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu 2,850.

Ni kwa sababu ya historia hiyo kwamba Mkongomani akipata pesa ya kuweka, anaweka dola. Kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, vivyo hivyo mahari, kiwanja na pikipiki. Franka ni ya unga, mboga, maji na nauli ya motari. Kila familia inaishi na pesa mbili ndani ya nyumba moja, na bei kati ya pesa hizo ikitikisika, nyumba nzima inatikisika.

Kwa nini franka ilipata nguvu mwaka 2025?

Sababu ni kadhaa, na nyingi zilitoka mbali na Goma.

Kwanza, Benki Kuu ya Kongo, ambayo gavana wake André Wameso aliteuliwa Julai 2025, iliuza dola kwa benki na kubana kiasi cha franka kinachozunguka. Dola zilipokuwa nyingi na franka chache, bei ya dola ilishuka. Ilishuka haraka sana mnamo Septemba na Oktoba 2025, na kabla ya mwaka kwisha dola moja ilikuwa chini ya franka 2,400. Mwezi wa Oktoba Benki Kuu yenyewe ilipunguza riba yake kutoka asilimia 25 hadi asilimia 17.5.

Pili, dola nyingi za nchi yetu zinatoka kwenye shaba na kobalti ya Katanga. Bei ya shaba duniani ilikuwa nzuri mwaka huo. Makampuni ya madini yanapouza nje hupata dola, na yanapohitaji franka za kulipia kodi na gharama nyingine za hapa nchini, hutoa dola hizo sokoni.

Tatu, kuna woga wa watu wenyewe. Dola ilipoanza kushuka, wengi waliokuwa wameficha dola nyumbani waliogopa itashuka zaidi, wakakimbilia kuziuza. Kila aliyeuza aliisukuma chini kidogo.

Goma ilikuwa na sababu yake ya pekee. Tangu mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipouchukua mji, benki zilifunga milango. Ofisi ya CADECO ilifunguliwa tena mwezi wa Aprili, lakini haikuweza kushika nafasi ya benki zote. Kwa hiyo noti mpya za franka hazikuletwa tena kama zamani. Noti zilizobaki zilizunguka mkono kwa mkono hadi zikachakaa, na wauzaji wengi wakaanza kuzikataa. Anayetoa pesa kwenye simu alikuta wakala hana franka za kutosha, au anadai kamisio kubwa.

Ndiyo maana tunawaomba mtofautishe nguvu mbili. Franka inaweza kupata nguvu kwa sababu nchi inauza vitu vingi na watu wanaiamini. Hiyo ni nguvu ya afya. Inaweza pia kuwa ghali mahali fulani kwa sababu makaratasi yake ni machache, kama vile bidoni ya maji inavyokuwa ghali siku bomba limekatika. Nguvu hiyo ya pili haijazi kikapu cha mtu. Hapa Goma nguvu zote mbili zilikutana.

Nani anapata, nani anapoteza?

Hakuna pesa inayopanda ikamfurahisha kila mtu. Tuchukue hesabu mbili tu: dola ikiwa franka 2,850, na dola ikiwa franka 2,300. Ni hesabu za mfano. Bei ya siku uiulize mwenyewe sokoni.

Anayepokea dola na kununua kwa franka anapoteza. Dola 100 zilikuwa franka 285,000, sasa ni 230,000. Pengo ni franka 55,000. Katika kundi hili wamo wanaopata msaada kwa dola, wanaotumiwa pesa na ndugu walio Ulaya au Marekani, walinzi, madereva na wapishi wanaolipwa dola na mashirika ya kiutu, na sisi wafanyakazi wa mashirika hayo. Mjane aliyeuza mbuzi zake kabla ya kukimbia na kuficha dola kwenye kitambaa naye amepoteza, ingawa hakufanya kosa lolote.

Anayepokea franka na kulipa kwa dola anapata nafuu. Mwalimu anayelipwa franka 285,000 alikuwa akipata dola 100 kwa mshahara huo. Sasa anapata karibu dola 124. Kama kodi ya chumba chake ni dola 20, alikuwa akitoa franka 57,000 na sasa anatoa 46,000. Muuza mboga aliyekopa kwa dola naye anapumua, maana deni lake limepungua uzito.

Anayepokea franka na kununua kwa franka, kama kibarua wa mzigo au msukuma chukudu, haoni kitu mpaka bei za sokoni zenyewe zishuke. Na bei za sokoni zina ukaidi wake, kama tutakavyoona.

Mnaona basi kwamba familia mbili zinazolala chini ya paa moja zinaweza kuwa pande mbili. Mama mkimbizi anayetoa kodi kutoka kwenye dola za msaada hapotezi chochote kwenye kodi, ila anapoteza kwenye chakula. Mwenye nyumba anayepokea dola hizo anapoteza akienda sokoni, kisha anafikiria kupandisha kodi. Kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayefaidika.

Wakulima na wanaouza nje

Kahawa ya Kivu inauzwa nje kwa dola. Tuseme ushirika umeuza kilo moja kwa dola 4. Kwa bei ya kwanza hizo ni franka 11,400. Kwa bei ya pili ni 9,200. Vibarua wa kuchuma na usafiri bado wanalipwa kwa franka zilezile. Mnunuzi wa ng'ambo hakupunguza kitu, kahawa ni nzuri kama jana, lakini franka 2,200 zimeondoka kwa kila kilo.

Wengine walifunikwa kwa muda na bei nzuri ya dunia, maana Februari 2025 kahawa ya arabika ilifikia bei ambayo haijawahi kuonekana. Wakulima wa kakao wa upande wa Beni hawakuwa na bahati hiyo. Desemba 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 kwenye masoko ya dunia. Mwaka 2025 bei hiyo ilishuka hadi karibu nusu, na franka ikapanda wakati uleule. Mkulima alipigwa fimbo mbili kwa mgongo mmoja.

Hili linatugusa sisi tunaoshughulikia amani. Wazee wa Minova wanakumbuka miaka ambayo kahawa ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wanaume wengi walizama ziwani. Ushirika wa Sopacdi, ulioanzishwa mwaka 2003, uliwapa wakulima wa makabila mbalimbali sababu ya kuosha kahawa yao pamoja na kuiuza kwa njia ya wazi. Bei ya franka mkononi ikishuka, kishawishi cha mitumbwi ya usiku kinarudi, na lawama dhidi ya viongozi wa ushirika zinaanza. Mkulima asiyeelezwa habari ya dola ataamini kwamba mweka hazina amekula.

Mpaka na Gisenyi una hesabu yake. Akina mama wanaovuka Petite Barrière kila siku wanaijua kuliko sisi. Tuseme dola moja ni franka za Rwanda 1,450 na haikubadilika. Kitu kinachouzwa Gisenyi kwa franka 1,000 za Rwanda kilikuwa kikitugharimu karibu franka 1,970 za Kongo. Dola ikiwa 2,300, kinatugharimu karibu 1,590. Anayenunua Gisenyi na kuuza Birere anafaidika. Lakini anayepeleka jibini ya Masisi au bidhaa nyingine upande wa pili na kulipwa franka za Rwanda anarudi na franka za Kongo chache kuliko zamani. Na mkulima wa kwetu anayeuza mboga zilezile zinazoingia kutoka ng'ambo anajikuta ana mshindani mwenye bei rahisi.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia hii

Kuona jambo kwa jirani kunasaidia kulielewa kwako. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Watu waliogopa kwamba serikali itashindwa kulipa deni kubwa la dola bilioni 2 lililokuwa likidaiwa mwezi wa Juni. Mwezi wa Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya deni hilo mapema. Woga uliisha, wenye dola wakaziuza, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 131.

Wengi walifurahi. Petroli, ambayo Nairobi ilikuwa imepita shilingi 217 kwa lita mwishoni mwa 2023, ilishuka chini ya 190 kufikia Julai 2024. Lakini familia zilizokuwa zikitumiwa dola 100 na watoto walio ng'ambo zilipokea shilingi 13,000 mahali pa 16,000. Na mwaka 2025, wakulima wa majani ya chai walipopewa bonasi ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia na kukasirika, shirika la KTDA lilieleza kwamba sababu mojawapo ilikuwa shilingi yenye nguvu: chai iliuzwa kwa dola, na dola ilizaa shilingi chache.

Tofauti kati ya Kenya na Goma ni kwamba kule bei ya petroli ilishuka kweli, kwa sababu benki zilikuwa wazi, barabara zilikuwa wazi, na kila mwezi serikali ilitangaza bei mpya ya mafuta. Nguvu ya shilingi ilipata njia ya kufika jikoni.

Na utalii?

Hapa tutasema machache. Mbuga ya Virunga, iliyotimiza miaka 100 mwaka 2025, ilikuwa ikiuza ruhusa ya kuona sokwe wa mlimani kwa dola. Franka ikipata nguvu, mtalii halipi zaidi. Anayebanwa ni mwenye hoteli au mwongoza wageni, kwa sababu anapokea dola zilezile lakini chakula na mishahara anailipa kwa franka. Akitaka kufidia lazima apandishe bei ya dola, na jirani zake Rwanda na Uganda nao wana sokwe.

Lakini tuseme ukweli. Virunga ilifunga utalii mwaka 2018 baada ya mlinzi wa kike kuuawa na Waingereza wawili kutekwa. Ilifungua tena mwaka 2019, ikafunga tena mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kisha vita vikarudi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Mtalii haulizi bei ya franka kabla ya kuuliza habari ya usalama.

Kwa miaka mingi "watalii" wa Goma walikuwa wageni wa mashirika ya kiutu, waliopanga nyumba na kula kwenye mikahawa ya mji. Mwaka 2025 hao nao walipungua, kwanza kwa vita, pili kwa sababu Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikata misaada yake. Familia nyingi zilipata dola chache, na kila dola ikawa na franka chache. Mambo hayo mawili yalikuja pamoja, na ndiyo maana maumivu yalikuwa makali.

Kwa nini bei za sokoni hazikushuka upesi?

Hili ndilo swali linalowasha hasira zaidi. Tuliwauliza wafanyabiashara, na tuliwauliza pia wanunuzi. Majibu yao tunayapanga hivi.

Mzigo wa zamani. Mwenye duka aliyenunua mchele dola ikiwa 2,850 anaona akishusha bei leo atauza kwa hasara. Anangoja mzigo uishe.

Barabara. Bei ya maharagwe kutoka Masisi au Rutshuru haitegemei dola peke yake. Inategemea vizuizi vya njiani, kodi zinazolipwa hapo, na hali ya barabara. Hizo hazikushuka.

Noti ndogo. Penye uhaba wa noti za franka 100, 200 na 500, kitu cha 1,300 kinauzwa 1,500, kwa sababu hakuna chenji.

Woga. Wafanyabiashara wameiona franka ikianguka kwa miaka mingi. Wengi hawaamini kwamba nguvu hii itakaa, na wanaogopa kushusha bei leo na kuaibika kesho.

Na tamaa nayo ipo. Wapo wanaotumia mkanganyiko kujipatia faida: wanapandisha upesi dola ikipanda na kusahau kushusha ikishuka. Hatuwatetei. Lakini tumeona kwamba mtu akianza kwa kudhani kila muuzaji ni mwizi, hapati bei nzuri. Anapata ugomvi.

Mambo yaliyosaidia

Hatuna uwezo wa kuipangia franka bei yake. Tunachoweza ni kuzuia isitugombanishe. Haya yafuatayo tumeyaona yakifanya kazi katika kartiye mbalimbali, na mengine yalitoka kwenu wenyewe.

1. Taja aina ya pesa kabla ya kutaja kiasi. Kodi, deni au mshahara wa kibarua, andikeni kwenye karatasi kama ni dola au franka. Kama ni dola lakini italipwa kwa franka, andikeni pia ni bei ya siku gani: siku ya makubaliano au siku ya kulipa. Sentensi hiyo moja imezuia mashauri mengi.

2. Uliza mahali patatu kabla ya kubadilisha. Nenda na mwenzako. Hesabu pesa mbele ya aliyekupa, kabla ya kuondoka.

3. Badilisha unachohitaji. Kama pesa inaweza kulindwa vizuri, si lazima kubadilisha yote siku moja. Lakini usalama wako ni wa kwanza. Kulala na dola nyumbani mahali penye wezi ni hatari kubwa kuliko kupoteza franka kidogo.

4. Likelemba na vikundi vya akiba vichague pesa moja mwanzoni mwa mzunguko na kubaki nayo hadi mwisho. Aliyetoa dola apokee dola. Kikundi kimoja kilivunjika kwa sababu wa kwanza walipokea dola na wa mwisho wakapewa franka.

5. Deni lisigeuzwe katikati. Aliyekopesha kwa franka asidai dola kwa sababu zimekuwa rahisi, na aliyekopa dola asilazimishe kulipa kwa bei ya mwaka jana. Kama mkopaji amelemewa, mkae na mashahidi mkubaliane upya.

6. Kibao cha bei. Katika kartiye ile ya kisa chetu, wabadilisha pesa walikubali kuandika bei ya siku kwa chaki kila asubuhi, mahali ambapo kila mtu anaona. Anayejua kusoma anamsomea asiyejua.

Kwa viongozi wa familia zilizohama na wazee wa nyumba kumi, tunaongeza ombi moja. Mkisikia kwamba pesa ya msaada inakuja, waambieni watu mapema kwamba dola zitakuwa zilezile lakini franka zinaweza kuwa chache au nyingi kuliko siku ya kuandikishwa. Mtu aliyeambiwa mapema anahuzunika. Aliyeshtukizwa anatafuta wa kumlaumu.

Na mashirika ya kiutu, pamoja na letu, yana kazi yao. Ni lazima tueleze hesabu hadharani siku ya kuandikisha na tena siku ya kulipa. Ni lazima tuangalie bei ya kikapu cha chakula kwa franka, na kama dola zilizopangwa haziwezi tena kukijaza, tuwaambie wafadhili bila kungoja mradi uishe. Na inapowezekana, tulete noti ndogo zilizo nzima. Mama akipewa noti moja ya dola 100 anakuwa na kazi ya pili ya kutafuta atakayeipokea. Tunakiri kwamba katika kisa cha mama wa Masisi, hakuna aliyempa maelezo hayo kabla ya siku ile.

Tangu kambi za Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine zilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, wengi wenu mmerudi vijijini, na wengine mnaishi ndani ya nyua za watu wa mji. Kambini mlikuwa na kamati na mahali pa kupeleka lalamiko. Sasa lalamiko linaanzia mlangoni kwa jirani. Ndiyo maana jambo dogo kama bei ya dola linahitaji kuzungumzwa mapema na kwa utulivu.

Mama yule na mbadilisha pesa walipatana. Mbadilisha pesa alileta daftari lake, akaonyesha bei aliyonunulia dola siku ile na siku zilizotangulia. Mama aliomba msamaha kwa neno "mwizi," naye mbadilisha pesa akaomba msamaha kwa maneno ambayo vijana wake walitamka juu ya watu wa Masisi. Viatu vya mtoto havikununuliwa mwezi ule. Mwenye duka, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, alikubali kungoja deni lake.

Kama katika kartiye au kijiji chenu kuna ugomvi wa namna hii, au kuna njia mliyoibuni wenyewe ya kuuzuia, tuelezeni kupitia viongozi wenu au timu zetu zinapopita. Tutayaandika katika toleo lijalo ili wengine wajifunze kutoka kwenu.